Mpini wa Kisu cha Mama

Harufu ya mti wa mpera unaoungua kwa ndani ndiyo iliyonilea. Sisemi moshi wa kuni, huo kila mtu anaujua. Nasema ile harufu inayotoka pale mkia wa kisu, ukiwa mwekundu kama pilipili iliyoiva, unaposukumwa ndani ya mpini wa mti mkavu. Kwanza mti unalia, halafu moshi mweupe unachomoza kwenye tundu, mtamu kidogo, mchungu kidogo, unashika kwenye nywele na kwenye shati mpaka ukienda kulala blanketi nalo linanukia karakana. Nilipokuwa mtoto pale Igombe, kando ya ziwa, nilinukia hivyo mwaka mzima, na wenzangu darasani walikuwa wakiziba pua nikipita. Waache wazibe. Leo nina karakana yangu mwenyewe Kiseke, ina mashine za kusaga chuma na vijana wanaoniita bosi. Nimejenga nyumba yenye vyumba vingi kuliko watu wa kulala humo, na gari la mzigo limesimama nje, na vyote hivyo vimetoka kwenye visu. Najisifu? Ndiyo, najisifu. Mtu aliyeacha shule kabla ya mtihani wa darasa la saba, akifika hapa nilipofika, ana haki ya kujisifu hata mbele ya padri. Lakini leo nataka kusimulia msimu mmoja tu, ule wa sangara wengi, kabla mvua za vuli hazijaanza, nilipochonga mpini wangu wa kwanza. Mpini huo ulikuwa mbovu. Wa pili ndio ulionifanya mtu.

Karakana niliyokulia ilikuwa ya Mjomba Shija, kaka yake mama. Ilikuwa uani kwake, katikati ya majabali mawili, yale mawe yetu ya Mwanza yaliyokaa juu ya mengine kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe. Jabali moja lilikuwa ukuta, jingine lilikuwa ukuta wa pili, juu mjomba alitandika mabati, basi, karakana ikawa tayari. Moto wa mkaa ulikaa ndani ya rimu ya lori. Upepo wa kuuchochea ulitoka kwenye kifeni kilichozungushwa na gurudumu la baiskeli, na anayezungusha gurudumu nilikuwa mimi. Kulikuwa na jiliwa kubwa la kubania vyuma alilolinunua Magu na kulibeba kwenye baiskeli mpaka nyumbani, safari ambayo kila mwaka aliporudia kuisimulia, jiliwa lilizidi uzito. Mjomba alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti mbaya aliyoitumia bila huruma kwenye kwaya ya kanisa. Aliniita mjomba kama mimi nilivyomwita, ndivyo ilivyo kwetu, ila akikasirika aliniita jina langu, "Wewe Mabula," na hapo nilijua kuna kitu nimekiharibu.

Watu walitoka mbali kuja kununua visu kwa Mjomba Shija, na siri yake ilikuwa kwenye mpini. Wengine walichonga mipini mingi inayofanana, wakaitia kwenye gunia, wakaenda kuuza mnadani. Yeye hakuchonga mpini kabla hajaujua mkono wa mtu. Na mkono aliupima kwa ugali. Msicheke. Alichukua kiporo cha ugali wa udaga, ule wa unga wa muhogo uliovundikwa, ambao ukilala usiku mmoja unakuwa mgumu na unavutika kama mpira. Alilifinyanga tonge refu, nene kama mpini, akampa mteja, mteja akalikamata, akaliachia. Alama zote zilibaki pale: kila kidole, mkunjo wa kiganja, hata pete ya ndoa. Tonge likaanikwa juu ya bati likauka, naye akalitazama huku anachonga. Shida ilikuwa kuku tu. Kuku wa mke wake walishawahi kula mkono wa muuza nyama mmoja wa Kisesa, ikabidi mtu wa watu aitwe tena aje kupimwa upya.

Siku moja nilimuuliza kwa nini asitumie udongo wa mfinyanzi, ambao kuku hawaugusi. Akasimamisha tupa. "Udongo ukimpa mtu, anauminya kama anagombana nao," alisema. "Ugali anaushika kama anavyoshika kila siku. Hakuna mtu anayejifanya mbele ya ugali." Niliona ni akili kubwa kuliko zote nilizowahi kuzisikia, shuleni na kanisani pamoja. Na kweli ni akili. Ila ina tobo moja, na tobo lenyewe ndilo nililokuja kutumbukia.

Mama alikuwa mkata samaki. Baba alishafariki nikiwa mdogo, hata sura yake nimehadithiwa tu, na tulikula kwa kisu cha mama. Alifanya kazi mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kwa Mama Kabula, mwanamke mnene, mwenye mdomo, aliyemiliki meza za zege zilizopangwa kando ya maji. Kila meza ilikuwa na mwanamke wake. Sangara walishushwa kutoka kwenye mitumbwi, wengine wakubwa kunizidi mimi, wakaparwa magamba, wakapasuliwa, wakatiwa chumvi, kisha lori likaja kuwabeba. Aliyekuwa na meza alikuwa na kazi, na asiye na meza alibaki kuzungukazunguka na beseni kichwani akiomba kuosha utumbo. Mama alikuwa na meza ya mwisho kabisa, ile iliyobanana na ukuta wa stoo ya chumvi. Wakati huo nilidhani amepewa hiyo kwa sababu ya upole wake. Sikuwa naenda mwaloni mara kwa mara. Asubuhi nilikuwa shule, mchana karakana, na mama mwenyewe hakupenda nimfuate kazini. Alisema mwaloni kuna matusi.

Kisu chake kilikuwa kimechoka. Mpini wa kununua ulipasuka zamani, akafunga mpira wa tyubu ya baiskeli, na mpira huo ukilowa ute wa samaki na mafuta ulikuwa unateleza kama kambale. Siku moja kikamponyoka akiwa katikati ya sangara mkubwa, kikamkata mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo. Damu ikaingia kwenye samaki wa watu. Jioni yake Mama Kabula mwenyewe alikuja nyumbani, amebeba kichwa cha sangara kwenye sufuria. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, akakaa kwenye kigoda kikalia kwa uzito.

"Pole, Mama Mabula. Nimekuletea kichwa, upate mchuzi, damu irudi."

"Asante, dada. Hili jeraha dogo tu, kesho nakuja."

"Kesho usije. Pumzika." Mama Kabula akajifuta jasho kwa ncha ya kitenge. "Sasa, mdogo wangu, tusifichane. Hicho kisu chako kitaniulia biashara. Leo kimekukata wewe, keshokutwa kitamkata wa meza ya jirani. Jumamosi lori linakuja mchana, na mzigo ni mkubwa. Njoo Jumamosi na kisu kinachoshikika, upasue kama unavyopasua siku zote, meza ni yako. Ukishindwa, yule binti wa kutoka Magu amekuwa akiniomba tangu mwezi ule."

"Na kichwa hiki?" mama aliuliza.

"Kichwa kula. Kichwa hakina masharti."

Alipoondoka, mama alicheka kidogo, akakipasua kile kichwa, akakipika, akanipa macho yote mawili niyale kwa sababu aliamini macho ya samaki yanaongeza akili. Yeye hakula. Nilikuwa mtoto lakini sikuwa mjinga. Mtu akikosa hamu ya mchuzi wa kichwa cha sangara, ujue ameogopa.

Asubuhi nilimweleza mjomba. Alikwenda kwenye kona alikoweka vyuma, akatoa msumeno mkuukuu wa seremala, mpana, wa chuma cha zamani kisichopatikana tena, ambao alikuwa ameutunza kama mtu anavyotunza ng'ombe wa mahari. Akauchora kwa chaki umbo la kisu kirefu, chembamba kuelekea ncha. "Haya, mjomba," aliniambia. "Mimi huyu ni dada yangu, nitamtengenezea sehemu inayokata. Wewe ni mama yako. Utamtengenezea mahali pa kushika." Nilidhani anatania. Nilikuwa sijawahi kupewa kazi ya mteja. Nilikuwa wa kuzungusha gurudumu, kuosha tupa kwa mafuta ya taa na kufukuza kuku. Lakini siku hiyo alinikabidhi kitezo kidogo, kile kishoka cha kuchongea, na kipande cha mpera kilichokauka darini kwa muda mrefu, akageuka kwenye jiliwa, akaanza kuimba wimbo wake wa kwaya. Akiimba ujue mazungumzo yamekwisha.

Jioni nilimpelekea mama tonge la kiporo, nimeliweka kwenye sahani safi, nimelifunika. Nilitaka kila kitu kiwe kama mjomba anavyofanya. Mama alikaa kwenye mkeka ananyoosha miguu. Aliona sahani akaguna.

"Sasa mnachezea chakula. Na huyo kaka yangu ameshazeeka kabla ya siku zake."

"Shika tu, mama. Kama kila siku."

Akaniagiza maji. Nikamnawisha, kama anavyonawishwa mtu anayetaka kula. Akanyoosha mkono wa kulia, ule wenye kitambaa juu ya kifundo, akalikamata tonge taratibu, akaliachia. Vidole vilitoka vizuri mno. Nililibeba lile tonge mpaka karakana kama nabeba kifaranga, nikalala nalo mawazoni.

Siku zilizofuata shuleni hawakuniona. Nasema ukweli, na mwalimu wangu kama yuko hai anisamehe. Nilichonga. Kwanza kwa kitezo, kutoa mwili wa nje, halafu kwa kisu kidogo, halafu kwa kipande cha chupa iliyovunjika, kinachokwangua mti mpaka unatoa unga mwembamba kama wanja. Pale kidole gumba kilipokaa kwenye ugali niliacha kibonde, na pale vidole vinne vilipojikunja nilichonga mabonde madogo manne, kila moja kwa kina chake. Upande wa kiganja nikaacha tumbo ili mpini ujaze mkono. Nikausugua kwa majani ya msasa niliyoyachuma nyuma ya kanisa, yale makali kama ulimi wa ng'ombe, kisha nikaupaka mafuta ya sangara na kuuweka juani, nikarudia, nikarudia tena, mpaka ukawa na rangi ya chai ya rangi. Mjomba alipita mara kwa mara, akautazama, akaondoka. Mara moja tu alisema, "Mh," na hiyo "mh" niliilia wali siku nzima.

Kuuchomeka ndiyo kazi inayotisha. Mkia wa kisu lazima uwe mwekundu kabisa, lakini kisu chenyewe kisipate moto, kikipata kinalegea kama bati na huwezi kukata hata nyanya. Mjomba alikichomeka kisu chote ndani ya kipande cha mgomba mbichi uliojaa maji, mkia peke yake ukabaki nje, tukauweka motoni. Nikazungusha gurudumu kwa mkono mmoja huku macho yangu yako kwenye ule mkia. "Sasa!" mjomba alisema. Nikaushika mpini kwa tambara bichi, naye akausukuma mkia ndani ya tundu, mti ukalia, moshi ukajaa, tukautoa, tukaurudisha, mpaka mkia wote ukaingia na kukaa kimya. Tukavisha pete ya chuma shingoni ili mti usipasuke. Kilipopoa nilikishika. Kilikuwa kisu kizuri, nakuambia. Ijumaa jioni nilimkabidhi mama, akakipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama anapokea kwa mtu mzima. "Asante, baba," alisema. Aliniita baba! Usiku ule sikuhitaji chakula.

Ndiyo maana Jumamosi nilimfuata. Alinikataza mara mbili njiani, nikajifanya narudi, nikapita nyuma ya majabali nikatokea mwaloni kabla yake. Nilikuwa nimeshatangaza mtaa mzima kwamba kisu kimetoka kwangu, na nilitaka kuona watu wakikiona. Asubuhi ilikuwa na kunguru wengi na upepo wa ziwa wenye harufu ya magamba na chumvi. Wanawake walishaanza, visu vinapanda na kushuka, wanaimbiana, wanatukanana kwa raha. Mama akaenda moja kwa moja kwenye meza yake ya ukutani, akaketi akiwapa mgongo wenzake wote, akaweka ndoo yake upande mmoja na gunia la chumvi upande wa pili, kama mtu anayejijengea kibanda. Akavuta sangara wa kwanza. Akamkamata mkia kwa mkono wa kulia. Na kisu changu akakichukua kwa mkono wa kushoto.

Nilisimama pale kama nguzo. Mama yangu alikuwa wa mkono wa kushoto, na mimi mwanawe wa pekee sikujua. Nyumbani nilimwona kila siku akikata mboga kwa mkono wa kulia, taratibu sana, nikadhani ni mtu wa taratibu. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba alipigwa mwiko kwenye vidole tangu mdogo mpaka akajifunza kuuficha mkono wake, na kwamba aliogopa wenzake na wanunuzi waseme samaki wamekatwa kwa mkono wa chooni. Lakini kazi ya haraka haikubali kufichwa, na mkono wake wenye nguvu ulikuwa huo. Ndiyo sababu ya ukuta, na ndiyo sababu ya gunia. Hata jeraha lilikuwa linasema. Kama uliokatwa ni mkono wa kulia, kisu kilikuwa wapi? Fundi mzima nilikuwa nimelitazama kila siku nisilisikie.

Mpini wangu ulimkataa. Kibonde cha kidole gumba kilikaa ambako hakuna kidole, tumbo la mpini likamchoma vidole badala ya kujaza kiganja, na ile mikato minne mizuri niliyojivunia ikawa kama meno. Alijaribu kugeuza, akajaribu hivi na vile. Akahamisha kisu mkono wa kulia, akapasua polepole, kama mtu anayefungua bahasha. Meza za jirani zilikuwa zimeshajaza beseni, yeye ana samaki mmoja na nusu. Nikaona Mama Kabula amesimama kule mbali, mikono kiunoni, anahesabu kwa macho. Pembeni yake alikuwa yule binti wa Magu, amefunga kilemba chake vizuri, yuko tayari.

Nilimkimbilia. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

Hakunigombeza kwa kumfuata. Alinitazama tu, jasho linamtiririka. "Ningekuambiaje? Uliniletea ugali, mwanangu. Ugali nitaushika kwa mkono gani?"

Hilo ndilo tobo la akili ya mjomba. Ni kweli hakuna mtu anayejifanya mbele ya ugali, ila kwetu ugali una mkono wake, na mkono huo ni mmoja kwa watu wote. Ukimnawisha mtu, ukamwekea tonge mbele, utaletewa wa kulia hata kama mwenyewe anaishi kwa wa kushoto. Sikuwa na muda wa kuyafikiria hayo siku ile, nimeyafikiria miaka yote iliyofuata. Nilichoona mbele yangu ni ndoo ya mama, na ndani ya ndoo mche wa sabuni uliolowa, umelainika nje. Nikauchukua nikauweka mbele yake.

"Shika hii, mama. Kama unavyoshika kisu. Kwa mkono uleule."

Akatazama kushoto, akatazama kulia. Meza ya jirani kisu kilishasimama. Kule kwingine nako wimbo umekatika. Nilijua ninachomwomba ni kikubwa kuliko sabuni. Mama akavuta pumzi, akanyoosha mkono wake wa kushoto mbele ya mwalo mzima, akaukamata ule mche akaubana mpaka maji ya sabuni yakamtoka kati ya vidole.

"Ee! Kumbe Mama Mabula ni wa kashoto!" mmoja alipiga kelele, na vicheko vikapasuka kama karanga kwenye kikaango. Mama Kabula akaja akisukuma watu kwa tumbo.

"Ni nini huku? Sabuni ndiyo inayopasuliwa siku hizi?"

"Dada," mama alisema, sauti ndogo. "Mimi natumia mkono huu. Tangu zamani. Kisu kimechongwa cha kulia, sikumwambia mtoto."

"Tangu zamani? Ina maana miaka yote hii nyumbani kwangu tunakula samaki wa mkono wa kushoto?"

Mama akainua uso. "Na umenenepa, dada."

Mama Kabula akacheka yeye mwenyewe wa kwanza, akacheka mpaka akashika meza. Lakini alikuwa mwanamke wa biashara, na kicheko kilipokwisha biashara ilibaki palepale. "Mimi lori langu halijui kushoto wala kulia," alisema. "Likija nikute rundo hili limekwisha. Wewe mtoto, unashangaa nini? Kimbia!"

Nikakimbia, sabuni mkono mmoja, kisu mkono mwingine, napanda kile kilima cha mawe peku. Mjomba alinisikiliza huku amesimama. Nilitegemea aseme "Wewe Mabula." Hakusema. Aliitazama ile sabuni, akasema polepole, "Nimetoka naye tumbo la mama mmoja, na mimi sikuwahi kumwona." Kisha akaweka patasi juu ya mpini wangu, nyundo ikashuka, mpini nilioulaza juani na kuupaka mafuta ukapasuka vipande viwili. Iliniuma kidogo, sitaficha.

Sasa mti mwingine tuutoe wapi? Mpera uliobaki ulikuwa mbichi, na mti mbichi ukichomekwa chuma chekundu unakaa siku moja, ya pili unalegea. Mjomba alizunguka karakana yote akipapasa darini. Halafu akasimama, akaitazama nyundo iliyokuwa mkononi mwake. Mpini wake ulikuwa wa mkwaju, mweusi, laini, umeng'aa kwa jasho lake la miaka. Alikuwa na nyundo hiyo kabla mimi sijazaliwa. Akaigonga kichwa kwenye jabali, chuma kikachomoka kikaanguka, akanipa ule mti ungali na joto la kiganja chake.

"Nyundo itapata mpini mwingine," alisema. "Dada yangu hatapata meza nyingine. Chonga. Na safari hii usipendezeshe."

Sikupendezesha. Mkwaju mkavu ni mgumu kama deni la ukweni, kitezo kilikuwa kinaruka, mikono yangu ikatoka malengelenge, lakini nilikuwa naitazama ile sabuni na nachonga panapotakiwa tu: kibonde cha gumba upande wake, tumbo la mpini upande wake, bila meno, bila urembo. Jua lilikuwa limeshavuka kichwa. Nikazungusha gurudumu, mjomba akalinda kisu kwa mgomba, mkia ukaiva, ukaingia. Hatukusubiri kipoe vizuri. Nilikifunga kwenye tambara lililolowa nikashuka mbio.

Mama alikuwa hakukaa bure. Alikuwa amepara magamba ya rundo lote, samaki wamelala wasafi, wanasubiri kisu tu. Alikishika kwa mkono wa kushoto, akakunja vidole, akafunga macho kidogo. Hakusema ni kizuri. Aliinuka, akalisukuma gunia la chumvi kwa mguu, akakivuta kigoda upande wa pili wa meza, akakaa akiutazama mwalo, ukuta uko nyuma yake. Halafu akaanza. Jamani, sijawahi kuona mtu akipasua samaki namna ile. Kisu kiliingia mgongoni na kutoka kwenye mkia kwa mkupuo mmoja, sangara wakafunguka kama vitabu, mkono wa kushoto hauonekani kwa mwendo. Miaka yote alikuwa anafanya kazi huku amejikunja kujificha, na siku ile ndiyo alijinyoosha. Wanawake waliokuwa wanacheka wakaanza kumwimbia. Lori lilipoingia likipiga honi, alikuwa amebakiza samaki wachache, na aliyekuja kumsaidia kuwatia chumvi alikuwa yule binti wa Magu, ambaye baadaye alipata meza yake mwenyewe, tena jirani na mama. Mama Kabula alipita, akachukua sangara mmoja akamgeuza, akamtazama ndani na nje. "Jumatatu uje mapema," alisema tu, akaenda kugombana na dereva.

Mama alipasua samaki kwa kisu kile mpaka nikawa mtu mzima. Kwa meza ile alinilisha, alinivisha, na nilipotaka kuacha shule nibaki karakana moja kwa moja alilia siku mbili kisha akaninunulia tupa mpya. Leo anaishi kwangu Kiseke, amezeeka, anakata mchicha kwa mkono wake wa kushoto mbele ya wageni wangu wote na hakuna wa kumwuliza. Mjomba Shija ametangulia. Namshukuru kila nikigusa chuma, namshukuru hata kwa zile "mh" zake. Na Mama Kabula namshukuru kwa ule mdomo wake, maana angekuwa na huruma ya kawaida angempa mama pole nyingi, na meza angempa mwingine.

Ninavyotengeneza sasa ni visu vizuri kuliko kile, nalisema bila kupepesa macho. Chuma changu ni bora, mpini hauna mkwaruzo, wapishi wa hoteli za mjini wananiagiza kwa picha za simu, na mteja wangu wa kwanza Dar nilimpata bila hata kupanda basi. Kazi iliyonichukua siku nyingi nikiwa mtoto, mashine inaimaliza kabla chai haijapoa. Lakini huyo mteja wangu wa leo ana visu vitano jikoni. Changu kikimchosha mkono anakirudisha kwenye droo, anachukua kingine, anaendelea kupika, wala hanipigii simu. Hakuna tena mtu aliyekaa mbele ya rundo, lori liko njiani, anasubiri mti ulioko mikononi mwangu na hana mwingine duniani wa kumsubiri. Mimi nilisubiriwa hivyo nikiwa peku, malengelenge mkononi, kabla sijaota hata ndevu. Vijana wangu wanajifunza kwa mashine na wana mikono mizuri kuliko niliyokuwa nayo, watakuwa mafundi. Ila mimi nilibahatika kujua kisu ni cha nini kabla sijajua kukitengeneza, na bahati hiyo sijaiona dukani, maana ingeuzwa, Mungu anajua uwezo wa kuwanunulia ninao.